Maoni yanagongana: ninunue kicheza muziki, simu mpya au tableti?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mpenzi wa muziki, na siku hizi nasoma kozi kwa njia ya sauti. Kwa siku nasikiliza kama saa nne, nikiwa njiani na nikiwa kazini, kwa eafoni za waya. Simu yangu ina miaka mitatu. Inafanya kazi vizuri ila chaji haifiki jioni. Kaka yangu ananiambia ninunue kicheza muziki, rafiki yangu anasema simu mpya, na mwenzangu kazini anashikilia kwamba hakuna kama tableti. Nimesoma maoni ya wateja mpaka kichwa kinauma: kifaa kile kile, mmoja anakipa nyota tano na mwingine anasema ni takataka. Nimwamini nani, na nichukue kipi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nitaanza na la mwisho ili usihangaike kulitafuta. Kwa maelezo uliyonipa, usinunue chochote kati ya hivyo vitatu mpaka ubadilishe betri ya simu uliyonayo. Miaka mitatu ya kuchaji kila siku ni karibu mizunguko elfu moja ya chaji, na betri nyingi za simu huanza kupungua nguvu kwa namna inayoonekana kabla ya hapo. Ukishabadilisha, tumia simu hiyo wiki mbili au tatu. Kama bado unaona unahitaji kifaa cha pili, basi kicheza muziki ndicho kinachokufaa, na tableti ndiyo ya mwisho kabisa katika orodha yako. Sababu nitazieleza. Ila swali lako la nani wa kumwamini ndilo zito zaidi, maana litakurudia kila utakapotaka kununua kitu, kwa hiyo nianze nalo.

Hizo nyota ndizo zinazokuchanganya. Mwaka 2016 watafiti watatu, Bart de Langhe, Philip Fernbach na Donald Lichtenstein, walichapisha utafiti katika jarida la Journal of Consumer Research. Walichukua bidhaa 1,272 za aina 120, wakalinganisha wastani wa nyota walizopewa na wateja na alama ambazo bidhaa hizo hizo zilipata kwa Consumer Reports, shirika la Marekani lililoanza mwaka 1936, linalopima bidhaa kwenye maabara zake na halipokei matangazo. Uhusiano ulikuwa hafifu. Nyota hazikuweza hata kubashiri vizuri bei ambayo bidhaa ingepata ikiuzwa tena ikiwa imetumika. Kilichojitokeza ni kwamba jina la chapa na ukubwa wa bei huzivuta nyota juu, na kwamba wanunuzi huzitegemea nyota hizo kupita kiasi cha ukweli uliomo ndani yake.

Usishangae. Jiulize ni nani anayekaa chini kuandika maoni. Ni yule aliyefurahi sana au aliyekasirika sana. Aliyenunua kifaa kikamfaa, akakiweka mfukoni na kuendelea na maisha yake, haandiki kitu. Pili, wengi huandika mapema mno. Kifaa kimefika jana, leo keshakipa alama. Siku ya kwanza kioo kinang'aa, betri ni mpya, memori haijajaa, tundu la chaji ni safi. Siku hiyo kifaa kibovu na kifaa kizuri hufanana.

Tazama maoni haya mawili. Nimeyatunga mwenyewe kwa kufuata yale ninayoyasoma kila siku kazini. La kwanza: "Imefika jana. Boksi zuri, rangi inavutia, sauti balaa! Nyota tano." La pili: "Nina miezi kumi na moja nayo. Natumia eafoni za waya, kila siku nikiwa njiani. Sauti sina tatizo nayo. Tundu la eafoni limelegea, waya ukiguswa upande wa kushoto unakatika, na kitufe cha kuongeza sauti hakiitiki mpaka ukibonyeze mara mbili. Nyota tatu."

La kwanza limekueleza habari za boksi na za rangi. La pili limekupa vitu vinne unavyoweza kuvifanyia kazi: muda, namna ya matumizi, sehemu iliyoharibika na jinsi uharibifu unavyojionyesha. Wewe unatumia waya, kwa hiyo lile tundu lililolegea ni habari yako. Tundu la eafoni huchoka kwa sababu waya huvutwa na kupindwa ndani ya mfuko, na nguvu yote huishia kwenye risasi ya kuchomelea iliyoliunganisha na ubao wa saketi. Kuna vifaa ambavyo tundu hilo limewekwa kwenye kiubao chake kidogo kinachobadilishwa peke yake, na kuna ambavyo limechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu. Watu watano wasiojuana wakieleza kukatika huko huko, umeshapata udhaifu wa muundo. Na mtu anayetumia eafoni za Bluetooth akiyasoma malalamiko hayo hayo, hayamhusu hata kidogo. Kwake kifaa hicho kinaweza kuwa cha nyota tano kweli. Ndiyo maana mmoja anasifu na mwingine analaani, na wote wawili wanasema kweli.

Basi ukisoma maoni, ruka nyota. Tafuta muda wa matumizi, tafuta mtu anayetumia kama wewe, kisha tafuta malalamiko yanayofanana kwa undani. Maneno "ni mbovu" hayana uzito hata yakiandikwa na watu mia. "Inajizima ikibaki asilimia 20, hasa kwenye baridi" yakiandikwa na watu watatu yana uzito mkubwa.

Mfano mzuri ni iPhone 4, iliyoanza kuuzwa tarehe 24 Juni 2010. Siku hizo hizo wenye simu walianza kulalamika kwamba mtandao unashuka wakiishika kwa namna fulani. Lililoyapa malalamiko yao nguvu ni kwamba wote walitaja mahali pamoja: pembe ya chini upande wa kushoto, pale vipande viwili vya antena vilipokutana kwenye ukingo wa chuma. Apple ikajibu kwamba tatizo ni hesabu za programu inayoonyesha vistari vya mtandao. Tarehe 12 Julai Consumer Reports ikaipima simu kwenye maabara yake, ikathibitisha kwamba kuligusa eneo hilo kunapunguza mawimbi, na ikatangaza kuwa haiwezi kuipendekeza. Siku nne baadaye Apple ikaahidi kuwapa wanunuzi kava bure. Walalamikaji wa siku za mwanzo walikuwa sahihi, na waliosema "yangu haina shida" nao hawakuongopa. Wengi wao ama walikuwa na kava, ama wako mahali penye mtandao wa nguvu.

Mfano wa pili unakugusa wewe moja kwa moja. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakisema simu zao za iPhone zinakuwa nzito zikizeeka, wengine wakiwajibu kwamba ni fikra zao tu. Desemba 2017 mtu mmoja alipima kasi ya simu yake, akabadilisha betri, akapima tena. Kasi ilirudi. Wapimaji wengine wakaona dalili hiyo hiyo kwenye takwimu za simu nyingi, na mnamo tarehe 20 mwezi huo Apple ikakiri kwamba mfumo ulikuwa unapunguza kasi ya simu zenye betri iliyochoka ili zisijizime ghafla. Kabla ya mwaka huo kwisha ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Wako watu waliokuwa wameshatupa simu nzima kwa sababu ya betri. Linaniuma kila nikilikumbuka, na ndilo lililonifanya nikuambie tangu mwanzo uanze na betri.

Yako makosa ambayo mwandishi wa maoni ya wiki ya kwanza hawezi kuyaona hata awe mwaminifu kiasi gani. Zune, kicheza muziki cha Microsoft, kiliingia sokoni Novemba 2006 kushindana na iPod iliyotangazwa Oktoba 2001. Kilikuwa na kioo kikubwa kuliko iPod ya wakati huo, na redio ya FM ndani yake, na waliokinunua wengi walikisifu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2008, Zune za gigabaiti 30 ziliganda kwa pamoja, huku na huko duniani. Kosa lilikuwa kwenye programu inayosimamia saa ya ndani: haikujua la kufanya siku ya 366 ilipofika, na 2008 ulikuwa mwaka mrefu wa kwanza tangu kifaa kitoke. Dawa ilikuwa kuiacha betri iishe, kungoja Januari mosi na kuchaji upya. Maoni yote mazuri ya 2006 na 2007 yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililoweza kuliona hilo. Kwa hiyo kama una nafasi ya kuchagua, nunua kifaa ambacho kimekaa sokoni angalau miezi sita, usome maoni ya karibuni kabla ya yale ya mwanzo.

Sasa kuhusu ugomvi wa kaka yako na rafiki yako. Mwaka 1956 mwanasaikolojia Jack Brehm aliwaomba wanawake wavipe alama vifaa vya nyumbani, kisha akawaruhusu kuchagua kimoja kati ya viwili kiwe zawadi yao. Walipovipa alama upya, walichokichagua kilipanda na walichokiacha kilishuka, ilhali vifaa vyenyewe havikubadilika chochote. Mtu akishanunua, moyo wake unataka uamuzi wake uwe sahihi. Ukisikia mwenye simu ya Android na mwenye iPhone wakirushiana maneno, nusu ya wanachokitetea ni pesa waliyoshatoa. Wasikilize watu hao wanapotaja kasoro za kifaa chao wenyewe. Hapo ndipo wanaposema jambo lililowagharimu kulikubali, na ndilo lenye faida kwako.

Bei nayo hubadili maoni. HP ilianza kuuza tableti yake, TouchPad, tarehe 1 Julai 2011. Haikununuliwa, na tarehe 18 Agosti, siku 48 baadaye, kampuni ikatangaza kuiacha. Tableti zilizobaki zikashushwa mpaka dola 99, zikagombaniwa, na watu wale wale waliokuwa wakiilinganisha na iPad na kuiona haifai wakaanza kuipenda. Kifaa hakikuongezwa hata skrubu moja. Ukisoma sifa nyingi za kifaa fulani, angalia kwanza kama waliosifu walikipata kwenye punguzo. Unaweza kuwa unalipa bei kamili kwa sifa za nusu bei.

Kuhusu maoni ya uongo sitakaa sana. Yapo, mpaka tume ya biashara ya Marekani, FTC, imeweka kanuni ya kuyapiga marufuku iliyoanza kutumika Oktoba 2024, na Uingereza nayo imefuata mwaka 2025. Dalili unazijua mwenyewe: yanaandikwa kwa mkupuo siku chache, yanarudia jina kamili la bidhaa kama tangazo, hayana jambo hata moja linalotokea baada ya wiki. Dalili moja ambayo watu huisahau ni maoni ya bidhaa tofauti kuwekwa chini ya ukurasa mmoja. Unafungua kicheza muziki, unakuta watu wanasifu waya wa chaji, au toleo la memori ndogo na toleo la memori kubwa yamechanganywa. Soma walau kumi uhakikishe wanazungumzia kitu unachokitaka wewe.

Yako pia malalamiko yasiyo ya kosa la kifaa. Maneno "baada ya mwaka imeacha kuchaji" nayaona mara nyingi, na vifaa vya namna hiyo huletwa mezani kwangu kila wakati. Vingi vinachohitaji ni kusafishwa. Vumbi na nyuzi za mfukoni huingia kwenye tundu la chaji, kila ukichomeka waya unazishindilia, mpaka linatokea tabaka gumu ambalo kwa macho unaweza kudhani ndiyo sakafu ya tundu. Waya hauingii mpaka mwisho, unaachia, unaning'inia. Zima simu, chukua kijiti chembamba cha mbao au plastiki, kwangua taratibu pembeni, epuka kile kiulimi cha katikati. Usitumie pini ya chuma. Ukichomeka tena utasikia waya ukikaa sawasawa. Kwa hiyo ukisoma "haichaji", angalia kama mwandishi ametaja waya unaingiaje. Akisema unaingia mpaka mwisho na bado hakichaji, hilo ni la kutia maanani.

Tuje kwenye vifaa vyenyewe, tuanze na ushauri wa kaka yako.

Wengi wanadhani vicheza muziki vimekufa kwa kuwa Apple iliacha kutengeneza iPod Mei 2022. Sony bado inatoa Walkman, jina lililoanza na kicheza kaseti cha mwaka 1979, na kampuni kama FiiO na Astell&Kern zinaishi kwa vifaa hivyo. Faida zake kwa mtu kama wewe ni za kawaida na za kweli: vitufe unavyobonyeza bila kutazama, memori kadi, tundu la eafoni, na muziki usiokatizwa na simu wala ujumbe. Zaidi ya hayo, betri ya simu inabaki kwa ajili ya simu.

Maoni yake ndiyo yanayopotosha kuliko ya vifaa vingine vyote, kwa sababu yanahusu sauti, na sauti ni ngumu kuisema. Nataka uelewe jambo moja hapa, maana litakuokoa na mengi. Ukisikiliza kwa Bluetooth, kile kichezaji hakigeuzi data kuwa sauti. Kinaituma data, na chipu iliyomo ndani ya eafoni ndiyo inayoigeuza. Chipu ya bei mbaya uliyoilipia kwenye kichezaji inakaa bila kazi. Kwa hiyo mtu anayesifu "sauti tamu ya kichezaji hiki" huku akitumia eafoni zisizo na waya, anasifu eafoni zake. Kinachobaki kwa kichezaji ni kodeki, yaani namna data inavyobanwa kabla ya kutumwa. LDAC ya Sony, kwa mfano, hufika kilobiti 990 kwa sekunde mawimbi yakiwa mazuri, na iPhone haina kodeki hiyo, hutumia AAC. Maoni ya mtu mwenye LDAC juu ya eafoni fulani hayamwambii mwenye iPhone atasikia nini.

Wewe unatumia waya, kwa hiyo chipu na kikuza sauti cha kichezaji kwako vina kazi. Lakini usiamini kila anayesema amesikia mbingu zikifunguka kwa sababu faili lina namba kubwa. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha majaribio yao: walicheza rekodi za ubora wa juu kuliko CD, kisha wakazipitisha kwenye kiwango cha kawaida cha CD, biti 16 na kilohezi 44.1, wasikilizaji wakiwa hawajui ipi ni ipi. Katika majaribio 554, jibu lilikuwa sahihi mara 276, karibu nusu kamili. Tofauti ambayo utaisikia bila shaka inatoka kwenye eafoni zenyewe, na kwenye namna zinavyokaa sikioni. Eafoni zikiwa na raba za kipimo kisichokufaa besi hupotea, na mtu huandika nyota mbili kwa kosa la raba. Pakiti nyingi huja na vipimo vitatu. Jaribu vyote kabla ya kulaumu.

Kasoro za kweli za vicheza muziki vya sasa ni mbili. Vile vinavyotumia Android mara nyingi huja na toleo la zamani na hupata masasisho machache, kwa hiyo baada ya miaka kadhaa programu ya muziki wa mtandaoni inaweza kugoma. Na vile vyenye kikuza sauti kikubwa hula betri haraka. Kwa mtu mwenye mafaili yake mwenyewe, kichezaji rahisi chenye vitufe na memori kadi kinamtosha na kinadumu. Kama masomo yako yako ndani ya programu ya chuo inayohitaji intaneti, kichezaji cha namna hiyo hakitakusaidia kitu. Angalia hilo leo, kabla hujasoma maoni mengine: je, masomo yanapakuliwa kama mafaili ya kawaida, au yanafunguka ndani ya programu tu?

Ushauri wa rafiki yako, simu mpya, una mantiki endapo simu yako haipati tena masasisho ya usalama. Hapo usibabaishwe na maoni, ambayo kwa simu huzungumzia kamera kuliko kitu kingine. Angalia miaka ya masasisho iliyoahidiwa. Google iliahidi miaka saba kuanzia Pixel 8 ya Oktoba 2023, Samsung ikafuata na Galaxy S24 ya Januari 2024. Simu za bei ya chini mara nyingi hupata miaka michache kuliko hiyo. Umoja wa Ulaya nao, tangu tarehe 20 Juni 2025, unazitaka simu na tableti mpya zinazouzwa huko ziwe na betri inayobaki na angalau asilimia 80 baada ya mizunguko 800, na masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano tangu modeli iache kuuzwa. Modeli inayouzwa na huko imebidi itimize masharti hayo, na hilo lina uzito kuliko nyota zake.

Na wewe mwenye waya kuwa mwangalifu na jambo moja: simu nyingi hazina tena tundu la eafoni, mtindo uliosukumwa sana na iPhone 7 ya mwaka 2016. Utahitaji adapta ya USB-C, na humo ndimo mnamogongana maoni kuliko mahali pengine. "Inafanya kazi vizuri," "haifanyi kazi kabisa," adapta ile ile. Sababu ni kwamba kuna adapta zisizo na chipu, zinazotegemea simu itoe sauti iliyokwisha kugeuzwa kupitia tundu la chaji, na si kila simu inafanya hivyo. Zenye chipu ndani hufanya kazi kwenye simu nyingi zaidi. Nunua yenye chipu, na kwenye maoni mtafute mtu mwenye modeli yako ya simu.

Tableti haihitaji maneno mengi kwa upande wako. Ni nzuri kwa kusoma vitabu na kutazama video ukiwa umekaa, lakini haiingii mfukoni, na kwa muziki wa njiani ni mzigo. Kama siku moja utaitaka kwa masomo ya video, usiangalie ukubwa wa kioo peke yake. Tableti nyingi za bei ya chini zina memori ya aina ya eMMC iliyo polepole, na baada ya miezi huanza kugandaganda hata kama RAM inaonekana ya kutosha. Nyingine zina ulinzi wa Widevine, ule unaozuia filamu zisinakiliwe, wa daraja la chini la L3 badala ya L1, kwa hiyo programu za filamu za malipo huonyesha picha hafifu hata kama kioo ni cha HD. Mtu anaandika "kioo kibaya", kumbe kioo ni kizima.

Jambo moja hukuliuliza, lakini saa nne kwa siku zinanilazimisha nilitaje. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Wewe uko kwenye saa 28, kwa hiyo kwa kiwango hicho uko salama. Ukipandisha mpaka desibeli 90, kipimo kinashuka hadi saa 4 tu kwa wiki, yaani unakimaliza kwa siku moja. Simu nyingi zina sehemu ya kuweka kikomo cha sauti kwenye mipangilio, iweke. Na kwa sababu unasikiliza njiani penye kelele, eafoni zinazoziba sikio vizuri zitakufanya usihitaji kupandisha. Kama una pesa ya kununua kitu kimoja mwezi huu ukiacha betri, nunua hizo.

Betri ibadilishwe na fundi anayekupa dhamana kwa maandishi na anayekuonyesha betri ya zamani aliyoitoa. Ukiona kioo cha simu kimeanza kunyanyuka pembeni, betri imevimba: acha kuichaji siku hiyo hiyo, uipeleke kwa fundi.

Na ukifika mahali pa kununua kicheza muziki, uliza kwanza una siku ngapi za kukirudisha, kisha zitumie siku hizo kwa ukali. Usikiweke kabatini kwa kuogopa kukichafua. Kijaze memori kadi mpaka karibu na mwisho, kwa sababu vichezaji vingine huzidiwa na orodha ndefu ya nyimbo. Kiache kicheze kutoka chaji kamili mpaka kijizime, uandike saa. Chomeka eafoni, uuzungushe waya taratibu kwenye tundu huku ukisikiliza pande zote mbili. Fungua somo la saa nzima, lisimamishe katikati, kizime, ukiwashe tena uone kama kinakumbuka ulipoishia; kwa muziki halina maana, kwa masomo ni kila kitu, na ni nadra kulikuta kwenye maoni ya mtu. Likishindikana hilo moja, kirudishe, hata kama kina nyota tano.